Nani Kasema Hatuna Teknolojia? Fungua Redio Yako Kwanza!

Kuna msemo unanikera kuliko kukatika kwa umeme: "Sisi bado hatuna teknolojia." Nausikia kwenye daladala. Nausikia kwenye vikao vya harusi pale spika zinapoanza kukoroma. Nausikia zaidi kwenye semina zile ambazo sisi waandishi wa habari tunaitwa kwenda kusikiliza watu waliovaa suti wakisoma maneno yaliyoandikwa ukutani. Mzungumzaji anasema hatuna teknolojia huku simu zake mbili ziko mezani, kipaza sauti kiko mkononi, projekta inamulika na kiyoyozi kinampuliza kisogoni. Sasa hivyo vyote ni nini, mzee wangu? Maboga?

Leo nataka tuzungumzie kitu kimoja tu, ambacho kwa ukubwa kinaweza kuwa kama punje ya harage au kidogo mpaka darubini ya kawaida ishindwe kukiona. Kinaitwa transista. Nimekichagua kwa sababu kimo ndani ya karibu kila kitu tunachokiita "teknolojia." Halafu namna tunavyoishi nacho bila kukijua inatutoa fedha mfukoni, inawadumaza wanafunzi wetu, na inatufanya tumdharau mtu pekee mtaani anayejua kinakaa wapi. Mtu huyo ni fundi redio.

Kwa wale waliolikimbia somo la fizikia, naomba dakika moja. Transista ni koki ya umeme. Ina miguu mitatu. Umeme mwingi unataka kupita kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na ule mguu wa tatu ndio mkono wa kufungulia koki. Ukiupa mguu huo umeme kidogo sana, koki inafunguka. Ukiuondoa, inajifunga. Basi, ndiyo siri yote!

Koki hiyo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza. Sauti dhaifu kutoka kwenye kipaza sauti inaichezesha koki, na umeme mkubwa unaopita unafuata mchezo huo huo mpaka spika inatikisa mabati ya jirani. Kazi ya pili ni kuwasha na kuzima. Koki ikiwa wazi tunaita moja, ikiwa imefungwa tunaita sifuri, na ukizipanga moja na sifuri hizo kwa mabilioni unapata kompyuta, picha za harusi, na ule ujumbe wa matapeli unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii."

Na haikushuka kutoka mbinguni. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza kwa kipande cha jermani na vijisehemu vya dhahabu. William Shockley, aliyekuwa kiongozi wao, akaja na muundo ulio bora zaidi muda mfupi baadaye. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Kabla ya hapo redio zilitumia valvu, yale mabomba ya kioo yanayowaka ndani kama kibatari, yanayokula umeme na kupasuka. Mwaka 1954 Wamarekani wakaanza kuuziwa redio ya mfukoni iliyoitwa Regency TR-1. Ilikuwa na transista nne. Nne tu!

Sasa tusikilizane hapa. Sisi hatukuanza kuishi na transista juzi kwa sababu ya simu janja. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na kuhara, halafu wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Walisikiliza kwa umeme gani? Vijiji vingi havikuwa na hata nguzo moja. Walisikiliza kwa redio ya betri, na redio ya betri iliyobebeka begani ilitokana na transista. Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha Matsushita, wale wa National, na Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio. Kizazi cha babu zetu kilijenga vyoo kwa msaada wa transista. Halafu leo mjukuu mwenye simu tatu anasimama na kusema hatuna teknolojia!

Haya, tuingie ndani ya nyumba yako. Nifuate chumba kwa chumba.

Anza na chaja ya simu pale ukutani. Je, umewahi kujiuliza kwa nini adapta za zamani zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na hizi za leo ni nyepesi kama kiberiti? Za zamani zilikuwa na transfoma kubwa ya chuma. Hizi za leo zina transista inayoukata umeme wa ukutani makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme uliokatwa hivyo unatosheka na transfoma ndogo kama kidole gumba. Ndiyo maana chaja inaenea mfukoni. Na ndiyo maana chaja ya bei ya kutupa ni hatari, kwa sababu aliyeitengeneza anaweza kubana matumizi kwenye kizuizi kinachotenganisha umeme wa volti 230 na ule wa volti 5 unaokwenda mkononi mwako. Simu ikikutekenya vidole wakati inachaji, usicheke. Ichomoe hiyo chaja.

Tazama juu. Zile balbu za mzunguko, tulizoziita enajiseva, zilikuwa na transista mbili ndani ya kitako chake. Balbu ya LED ya leo mara nyingi ina chipu ndogo yenye transista ndani. Toka nje ukaangalie mita ya LUKU. Unapoingiza zile tarakimu 20, unaongea na kompyuta ndogo iliyojaa transista. Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyohangaishwa kuingiza namba za ziada kabla ya Novemba 24? Wengi waliambiana mtaani kwamba ni njama ya kupandisha bei. Ukweli ni kwamba mfumo huo, unaotumika katika nchi nyingi, ulikuwa unahesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa ya tarakimu 24 za moja na sifuri. Tarakimu 24 za namna hiyo zinafika dakika milioni 16.7 na ushee, yaani miaka karibu 32. Siku hiyo hesabu ingefika mwisho na kurudi mwanzo. Jambo la hesabu ya darasani likageuka uvumi wa nchi nzima, kwa sababu hatujui ndani ya kile kiboksi kuna nini.

Rudi sebuleni. Rimoti ina transista inayoiwasha ile taa yake isiyoonekana kwa macho. King'amuzi kimejaa. Televisheni imejaa. Sabufa inazo zile nene, zilizofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoozea, au chipu moja iliyobeba transista nyingi ndani yake. Kama una sola, kile kidhibiti cha betri kinatumia aina inayoitwa mosfeti, na inveta yako pia. Simu ndiyo usiseme. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi. Chipu ya Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16, yaani kama transista mbili kwa kila binadamu aliye hai. Hata laini ya simu, kile kikadi unachokikata kwa mkasi, ni kompyuta ndogo.

Lakini tuwe wakweli, si kila chenye waya kina transista. Pasi ya kawaida haina. Birika la umeme la kawaida halina. Jiko la koili halina. Heta ya kuchovya kwenye ndoo haina. Feni ya zamani yenye vitufe vya kubonyeza haina, na friji nyingi za zamani zina mota na kidhibiti joto tu. Nimeyataja haya kwa makusudi. Fundi akikwambia transista ya pasi yako imeungua, chukua pasi yako uondoke.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Ujinga wetu kuhusu vitu hivi una bei, na tunailipa kila siku.

Nitawapa mfano mmoja. Sabufa ya jirani yangu ilinyamaza. Akaipeleka kwenye duka kubwa la mjini, lile lenye wahudumu waliovaa fulana zinazofanana. Kijana aliyeipokea hakuifungua. Alisema bodi nzima imekufa, spea haipo, bora anunue nyingine. Jirani akairudisha nyumbani akiwa ameshakata tamaa, mkewe akaipeleka kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala. Fundi alifungua skrubu, akapima kwa mita, akakuta transista mbili za kutolea sauti zimeungua na fyuzi imekatika. Akabadilisha. Elfu kumi na tano, pamoja na soda ya mke wa jirani kumsubiria. Sasa niambieni, kati ya yule mwenye fulana na huyu wa mwarobaini, nani ana teknolojia?

Huyu wa mwarobaini ndiye tunayemwita mbabaishaji. Fundi uchwara. Askari wa jiji anamfukuza kwa sababu meza yake inachafua mandhari. Binti akisema anaposwa na fundi redio, ukoo unaitisha kikao cha dharura. Lakini mtu huyu anaweza kushika transista isiyo na maandishi, akaipima miguu kwa mita, akatafuta ile njia inayosoma karibu 0.6 au 0.7 ya volti upande mmoja na kukataa kabisa upande wa pili, akakwambia ni ya aina gani na kama ni nzima. Anazijua 2N3055 na C5200 kwa majina kama unavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Mimi nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Transista ilikuwamo kwenye mtaala. Tulichora duara, ndani yake mistari mitatu, na mshale. Mshale ukitazama nje ni NPN, ukitazama ndani ni PNP. Tukakariri kwa Kiingereza, tukajibu mtihani, tukasahau. Katika darasa letu zima hakuna aliyeigusa transista hata kwa ncha ya kidole. Na kilichonishangaza ni kwamba mwalimu alikuwa na redio mbovu juu ya kabati lake ofisini mwaka mzima! Ndani yake zilikuwamo transista kibao, bure, umbali wa hatua ishirini kutoka ubaoni. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba ile redio na ule mchoro ni kitu kimoja. Ubaoni ilikuwa "sayansi." Juu ya kabati ilikuwa takataka.

Huo ndio ugonjwa wetu. Tumekitenga kitu na jina lake. Mhitimu anajua jina, hajawahi kukiona kitu. Fundi anakijua kitu kwa mikono yake, ila hakuna kitabu cha Kiswahili kinachomweleza kwa nini kinafanya hivyo. Wote wawili wanakaa mtaa mmoja na hawasalimiani.

Najua nitajibiwa. Kuna msomi mmoja rafiki yangu huniambia, "Acha mambo ya ujima. Hata huko Ulaya watu wanatumia tu, hawafungui redio." Nakubali, wengi hawafungui. Lakini wenzetu hao wameshaona hasara yake na wanatunga sheria. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, iliwalazimisha wauzaji wa baadhi ya vifaa, simu na televisheni zikiwamo, kuonyesha alama iliyosema kifaa hicho kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 umepitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa. Hao ni watu wenye uwezo wa kununua kipya, na bado wanadai haki ya kutengeneza cha zamani. Sisi tusio na uwezo huo ndio tunajifanya matajiri wa kutupa!

Jibu la pili huwa ni hili: "Mafundi wetu ni wezi. Unampa simu, anachomoa kioo chako kizuri anaweka kibovu." Wapo, sikatai. Lakini wizi huo unaishi kwa chakula gani? Unaishi kwa ujinga wa mteja. Hakuna fundi magari anayeweza kukuibia tairi ukiwa umesimama pale, kwa sababu tairi unalijua. Mteja anayejua tofauti ya fyuzi na transista, anayeomba kupewa kipuri kilichoungua aondoke nacho, haibiwi kirahisi. Ukitaka mafundi waaminifu, anza kwa kuwa mteja mwenye macho.

La tatu ni zito zaidi, na naliheshimu: "Vifaa vya sasa havitengenezeki. Transista ziko mabilioni ndani ya chipu moja, fundi gani atazigusa?" Ni kweli, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa California atakayeingia ndani ya chipu na kubadilisha transista moja. Lakini kinachokufa mara nyingi hakimo ndani ya hiyo chipu. Ni vile vinavyobeba umeme mkubwa au kushikwashikwa kila siku: transista nene ya pawa, kapasita iliyovimba tumbo, fyuzi, tundu la chaja. Hivyo vinabadilishika. Nenda mtaa wa Aggrey pale Kariakoo uone vijana wanavyobadilisha vitu vidogo kama mbegu ya mchicha kwa mikono isiyotetemeka. Hakuna aliyewapa cheti. Wengi walifundishwa na kaka zao.

Na suala hili linazidi kuwa la haraka. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa kutufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sehemu moja ya mkakati huo ni majiko ya umeme, na mimi nauunga mkono, mama zetu wamekohoa moshi vya kutosha. Lakini jiko la indaksheni, lile la kioo linalochemsha sufuria bila lenyewe kuwaka moto, moyo wake ni transista nene inayoitwa IGBT. Sufuria la umeme la kupikia maharage kwa mvuke lina bodi yenye kompyuta ndogo. Umeme wetu unapanda na kushuka mnavyoujua. Vitaungua. Vikiungua kule Mpanda au Tandahimba, nani atavitengeneza? Kama jibu ni "anunue kingine," basi mama huyo atarudi kwenye mkaa wiki hiyo hiyo. Sijasikia mtu kwenye mikutano ya waandishi wa habari akiliuliza swali hilo, na wenzangu tunaoshika vinasa sauti tuna lawama hapo. Tunaandika "kifaa cha kisasa," tunapiga picha ya mgeni rasmi akikata utepe, tunaondoka. Hatuulizi ndani kuna nini, spea zitatoka wapi, na nani amefundishwa kukifungua.

Nadai nini basi? Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili.

Kwanza, kila shule ya sekondari iwe na sanduku la redio mbovu, chaja mbovu na rimoti mbovu, na mada ya transista ianzie ndani ya sanduku hilo kabla ya kwenda ubaoni. Mwalikeni fundi wa mtaani aje siku moja afundishe pamoja na mwalimu.

Pili, VETA wana utaratibu mzuri wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Utaratibu huo uwafuate mafundi chini ya miarobaini, usiwasubiri ofisini.

Tatu, anayeingiza nchini shehena ya televisheni au majiko ya umeme aingize na spea zake, na michoro ya bodi iwekwe wazi kwa fundi yeyote.

Nne, tuandike mambo haya kwa Kiswahili. Mafundi wameshatusaidia kwa kuyatohoa maneno wenyewe: risista, dayodi, kapasita, bodi, fyuzi. Kazi yetu wenye kalamu ni kuwafuata tu.

Kabla hujaja kunipinga, nakupa kazi ya Jumapili. Chukua redio mbovu ya betri. Narudia, ya BETRI. Usifungue televisheni, chaja wala kitu chochote cha umeme wa ukutani, maana kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kukurusha hata ukiwa umeshachomoa. Toa betri, chukua bisibisi, fungua kava, mwite mtoto akae karibu. Tafuteni vidude vyeusi vyenye miguu mitatu, upande mmoja wa mviringo na upande mwingine bapa. Kama redio ni mpya unaweza kukuta chipu moja tu na vidude viwili vitatu vidogo vilivyobandikwa kwenye bodi, hivyo navyo hesabuni. Kisha mpeleke mtoto kwa fundi aliye karibu nanyi, amwonyeshe jinsi ya kuvipima kwa mita, na mlipe fundi huyo kwa muda wake kama unavyomlipa mwalimu wa twisheni.

Niandikieni mmehesabu ngapi. Na anayetaka kubishana nami kwamba hatuna teknolojia, karibu sana, ila aje akiwa ameshafungua redio.